Baiskeli Iliyofukuzwa Uwanjani

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 mji wa Kigali uliingia katika tarikhi ya michezo. Umoja wa Kimataifa wa Mbio za Baiskeli, ule ujulikanao kwa herufi zake UCI, ulioasisiwa mjini Paris mwaka 1900, ulileta mashindano yake ya ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani katika ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza. Miaka 125 ilikuwa imepita. Watu wa Rwanda walijipanga barabarani safu kwa safu, na siku ya mwisho Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda mbio za wanaume zenye urefu wa kilomita 267.5 na vilima vya kukata pumzi. Katika waendeshaji zaidi ya 160 waliotoka, waliofika mwisho walikuwa 30 tu.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tulifurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Mwaka mmoja kabla yake Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa amekwisha vaa fulana ya kijani ya Tour de France baada ya kushinda hatua tatu za mbio hizo kubwa. Lakini mimi, ambaye kazi yangu ni kuyatazama mambo na kuuliza yametoka wapi, nilibakia na swali moja ambalo sikuliona likiulizwa katika gazeti lolote nililolisoma. Mbona baiskeli zote zilikuwa na umbo moja? Wapandaji wametoka kila pembe ya dunia, viwanda ni mbalimbali, mafundi ni mbalimbali, na baiskeli zote kana kwamba zimetoka katika kalibu moja: kiti juu, usukani chini, na mpandaji ameinama kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka mchangani. Je, akili za wanaadamu zote zimekubaliana kwamba hilo ndilo umbo bora? La hasha. Ni kazi ya rula.

Iko baiskeli ya namna nyingine. Mpandaji wake hujilaza nyuma kama mzee katika kiti cha uvivu barazani kwake baada ya alasiri. Miguu imetangulia, pedeli ziko mbele ya kiti wala si chini yake, na mikono imetulia. Kwa Kiswahili haijapata jina lililokaa, kwa hivyo nitaiita baiskeli ya kujilaza. Aionaye mara ya kwanza hucheka. Na asicheke sana, maana chombo hicho kiliwahi kuwatia aibu mabingwa wa dunia, na kwa sababu hiyo kikafukuzwa uwanjani.

Kisa chenyewe ni hiki. Huko Ufaransa alikuwako fundi aitwaye Charles Mochet. Alikuwa akiunda vigari vya magurudumu manne vya kukanyagwa kwa miguu, vya watu wawili kukaa ubavu kwa ubavu, kwa ajili ya wale ambao mfuko wao haukufika kununua motokaa. Alipoona jinsi vigari vile vilivyokwenda mbio, akakikata kimoja nusu kwa nusu, kwa maana ya kusema, akapata baiskeli ya magurudumu mawili ya kukaa kwa kujinyoosha. Akatafuta wa kuipanda. Akampata Francis Faure, mwendeshaji wa daraja la pili, si jina la kutetemesha mtu. Tarehe 7 Julai 1933, katika uwanja wa mbio wa Paris, Faure alikwenda kilomita 45.055 kwa muda wa saa moja. Rekodi iliyokuwako ilikuwa ya Oscar Egg wa Uswisi, kilomita 44.247, na ilikuwa imesimama tangu mwaka 1914. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuja vikaisha, na rekodi ile ikiwa pale pale. Na mtu wa daraja la pili akaja akaipita akiwa amelala.

Wiki nane hazikupita, Mfaransa mwingine, Maurice Richard, akapanda baiskeli ya kawaida akaenda kilomita 44.777. Sasa wakubwa wa UCI walikuwa na majina mawili mezani: la aliyekwenda mbali zaidi, na la aliyekwenda karibu zaidi kwa baiskeli waliyoizoea. Wakajadiliana, wakavutana, na tarehe 1 Aprili 1934 wakatoa maana mpya ya neno baiskeli. Kitovu cha pedeli kiwe kati ya sentimita 24 na 30 kutoka chini, ncha ya kiti isirudi nyuma ya kitovu hicho zaidi ya sentimita 12, na kuendelea. Hawakuandika kwamba baiskeli ya Mochet ni haramu. Walipima tu, na kila aliyejilaza akajikuta yuko nje ya kipimo. Rekodi ikaandikwa jina la Richard. Mochet akafariki mwaka ule ule wa 1934. Faure hakuchoka: mwaka 1939, kwa baiskeli ile ile iliyovikwa gamba la kukata upepo, alipita kilomita 50 kwa saa moja, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya kwa nguvu zake mwenyewe bila ya kutanguliwa na chombo cha kumkinga upepo.

Sisi tuliosomeshwa chuoni, tukakaa juu ya mkeka mbele ya mwalimu, tulifunzwa kwamba hukumu ina illa yake, yaani ile sababu inayoibeba. Illa ikiwapo, hukumu ipo. Illa ikiondoka, hukumu nayo huondoka. Mvinyo umeharamishwa kwa kulevya. Ukijigeuza wenyewe ukawa siki, mtu hutilia katika kachumbari yake akala. Basi na tuitazame hukumu ya 1934 kwa jicho hilo. Illa yake ilikuwa nini?

Hatari haikuwa. Faure alizunguka uwanja saa nzima akashuka salama. Udanganyifu nao haukuwako: hapakuwa na injini iliyofichwa wala kamba ya kumvuta, ni mapafu yake na mapaja yake. Wako wanaosema kwamba waliokuwa wakiuza baiskeli za kawaida walikuwa na la kupoteza, na hilo halihitaji mnajimu kulitabiri. Lakini iko illa moja ambayo nadhani ni ya haki, na mtu mwadilifu hana budi kuitaja. Mashindano ni kupima mtu kwa mtu. Ukiruhusu kila chombo, mwisho utakuwa unapima mafundi, si wapandaji. Watu wetu wa Lamu hawashindanishi ngalawa na jahazi halafu wakamsifu nahodha.

Jambo hili nalielewa vyema, maana mimi ni mtu wa vina na mizani. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi, alifanya kazi ile ile ya kuweka rula. Na mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, ugomvi ukazuka ambao baadhi yetu tungali tunao hadi leo: hili ni shairi, hili si shairi. Mimi nilikuwa upande wa rula, nami niko huko bado. Mtu akiniletea mistari iliyokatwa-katwa kama muhogo na akaniambia ni utenzi, nitamwambia akaitafutie jina jingine.

Lakini tazama tofauti. Kichomi kilichapishwa, kikauzwa, kikasomwa, kikapingwa, kikatetewa. Hapana aliyekwenda kufunga mtambo wa kuchapa. Baiskeli ya kujilaza ilifungiwa mtambo. Kwani nani atakayeunda chombo kisichoruhusiwa kushindana, na nani atakayekinunua? Viwanda vikaiacha, vijana wakaisahau, ikabaki mikononi mwa wachache waliokuwa wakiiunda vibandani mwao, hata miaka ya 1970 walipotokea watu huko California wakaanza kushindanisha vyombo vyote vinavyokwenda kwa nguvu za mwanaadamu bila ya kuuliza kiti kiko wapi. Miaka 40 ya maendeleo ilipotea. Na matokeo yake ni haya: rekodi ya saa moja itambuliwayo na UCI, aliyoiweka Mtaliana Filippo Ganna mwaka 2022, ni kilomita 56.792. Katika chombo cha kujilaza kilichovikwa gamba, Francesco Russo alikwenda zaidi ya kilomita 92 kwa saa moja huko Ujerumani mwaka 2016. Na mwaka huo huo, katika barabara iliyonyooka ya jangwa la Nevada, Todd Reichert wa Kanada alifikia mwendo wa kilomita 144 kwa saa. Kwa miguu yake. Matatu mengi yetu hayafiki hapo, na yakifika ni dua tu.

Siri yake si uchawi. Adui mkubwa wa mwendesha baiskeli katika tambarare ni hewa iliyo mbele yake. Barabara na uzito havimtesi kama hiyo. Mtu aliyekaa wima ni tanga lililotwekwa kinyume. Akishapita mwendo wa kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zake humezwa na upepo, na kila akiongeza mwendo ndivyo upepo unavyozidi kudai. Aliyejilaza ameteremsha tanga. Tena ana faida nyingine, ambayo haionekani katika saa moja ya uwanjani bali katika siku ya pili na ya tatu ya njia ndefu: mwili wake haujaoza. Waliosafiri kwa baiskeli ya kawaida masafa makubwa wanajua ninachosema. Viganja hufa ganzi, makalio hufanya vidonda, na shingo, baada ya kuinuliwa mchana na usiku ili macho yaone mbele, hufika mahali ikakataa. Katika mbio za kuvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani, mwaka 1983, shingo ya mmoja wa wapandaji, Michael Shermer, ililegea hata asiweze kukiinua kichwa chake, na maradhi hayo huitwa kwa jina lake hata leo. Mtu aliyejiegemeza kitini ameinuliwa kichwa na kiti chenyewe.

Ndiyo maana makao ya baiskeli hiyo leo ni katika safari za masafa marefu, kule ambako rula ya UCI haifiki. Iko safari ya Paris hadi Brest na kurudi, iliyoanza mwaka 1891, kilomita 1,200, na ambayo sasa hufanywa kila baada ya miaka minne. Mpandaji hupewa saa 90 kwa wingi. Alale humo, ale humo, atengeneze pancha humo. Hakuna zawadi ya fedha, na aliyefika katika muda amefika. Humo huingia baiskeli za kawaida, za watu wawili, za magurudumu matatu, na za kujilaza. Na katika kuvuka Marekani kulikofanywa na vyombo vya namna hii mwaka 1989, wapandaji wanne wakipokezana katika baiskeli moja ya kujilaza iliyovikwa gamba walikata nchi nzima kwa siku 5 na saa moja. Gari la moshi la abiria huchukua kama siku tatu.

Sasa msomaji wa Mvita, au wa Lamu, au wa Tanga, ataniuliza: bwana wee, yote haya yana nini na sisi?

Nitamjibu kwa kumpeleka mbali na bahari, Kitale na Bungoma, magharibi ya Kenya, chini ya Mlima Elgon. Si kugeni kwetu. Misafara ya watu wa pwani ilifika Mumias, kusini ya Bungoma, katika karne ya 19, ikapokewa na Nabongo, na Uislamu ukashika mizizi huko ambayo haijang'oka. Wale walikwenda kwa miguu. Wajukuu wa wenyeji waliowapokea walikuja kuwa watu wa baiskeli, na nadhani hakuna mahali katika Kenya ambapo baiskeli imefanya kazi kuliko katika wilaya zile za mpakani. Neno lenyewe bodaboda, ambalo leo linasemwa kutoka Mombasa hadi Kampala, lilizaliwa huko Busia, kwa vijana waliokuwa wakiwabeba abiria juu ya keria kutoka mpaka hadi mpaka. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo, vijana wengi waliziacha pedeli. Lakini baiskeli haikufa. Teremka kutoka Kitale kwa njia ya Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha ushike njia ya Bungoma. Katika kilomita kama 80 hizo utaipita mara mia: madebe ya maziwa, matundu ya kuku, mkaa, na gunia la mahindi la kilo 90 limelazwa juu ya keria kama maiti juu ya jeneza, na mwenyewe akikanyaga.

Chombo chake ni ile baiskeli nzito ya chuma waiitayo Black Mamba, yenye breki za fimbo na gia moja. Uzito wake ni kama kilo 20. Rula ya UCI inasema baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Basi mtu wa Kamukuywa amepanda uzito wa baiskeli tatu za Pogačar kabla hajaweka gunia. Na anapanda katika nchi ambayo Bungoma yenyewe iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Kitale kama 1,900. Huyo ni mwanamichezo wa masafa marefu ambaye hakuandikishwa.

Wako waliokwisha kuliona hilo. Mwaka 2008 mpiga picha mmoja wa Singapore, Nicholas Leong, aliwachukua vijana wawili kutoka Eldoret, jirani ya Kitale, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, akawapeleka katika kile kilima mashuhuri cha Ufaransa, Alpe d'Huez. Nderi akakipanda kwa kama dakika 42, muda ambao haumwaibishi mtu katika mbio za kulipwa. Kutokana na juhudi hizo ikazaliwa timu ya Wakenya, na kutokana na timu hiyo akatoka Suleiman Kangangi, ambaye baadaye alikuwa nahodha wa timu ya Amani, na ambaye aliaga dunia kwa ajali akiwa mbioni huko Vermont, Marekani, Agosti 2022, akiwa na miaka 33. Mungu amlaze pema. Alikuwa akisema na kutenda kwa ajili ya wenzake wa Afrika ya Mashariki wapate nafasi.

Nawaheshimu wote hao. Hata hivyo kuna jambo katika mpango mzima ambalo linanikera, nami nitalisema. Kinachotafutwa kwetu daima ni miguu. Baiskeli ni yao, kanuni ni zao, maana ya neno baiskeli ni yao. Sisi tulete mapaja na mapafu. Kijana wa Kitale akitaka kuingia katika mchezo huo lazima kwanza apate chombo ambacho bei yake ni shamba la baba yake, na chombo hicho hakiundiki Kitale. Mafundi wetu hawana mlango.

Nilipokuwa Kanduyi, pale njia panda ya Bungoma, nilikaa na fundi mmoja wa baiskeli, mtu mzima, mikono imejaa grisi. Nilimchorea baiskeli ya kujilaza nyuma ya bahasha. Akaitazama kwa muda.

"Mzee, hii si baiskeli, hii ni kitanda."

Nikamwambia kitanda hicho kiliwashinda mabingwa mwaka 1933. Akaichukua bahasha, akaigeuza-geuza, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mnyororo utakuwa mrefu, akasema; ataunga minyororo miwili, labda miwili na nusu, na kati yake itabidi kuwe na gurudumu dogo la kuushikilia usichezecheze. Gurudumu la mbele atatumia la baiskeli ya mtoto. Kiti atasuka kwa mipira ya tyubu. Fremu si neno, vyuma viko. Kisha akauliza kwa nini ilikatazwa.

"Kwa sababu ilishinda," nikamjibu.

"Basi hapo ndipo wangenipa mimi kazi ya kuunda nyingine."

Fundi yule hajapata kulisikia jina la Graeme Obree, lakini ni ndugu yake. Obree ni Mskoti aliyejiundia baiskeli yake mwenyewe, akatia ndani yake beringi alizozitoa katika mashine ya kufulia nguo, na tarehe 17 Julai 1993 huko Hamar, Norway, akavunja rekodi ya saa moja kwa kilomita 51.596. Hakulala, aliinama mbele, akaikunja mikono yake kifuani kama ndege. Mwaka 1994 UCI wakaukataza mkao huo. Rula ni ile ile.

Nakuja sasa katika jambo lililonifanya niandike makala haya. Kutoka Bungoma barabara inakwenda Malaba, mpakani na Uganda. Huko, na kule Busia, wako wafanyabiashara wasio na nguvu za miguu, wengine tangu utotoni, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakivusha bidhaa mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Mwenyewe hukaa chini, ameegemea, pedeli ziko mbele ya kifua chake, na mnyororo unashuka hadi gurudumuni. Nyuma na pembeni ametandaza ubao wa mizigo. Nimewaona wakipanda mwinuko na shehena ambayo mimi na miguu yangu miwili nisingeisukuma. Wapita njia wanaona kiti cha mlemavu. Mimi, baada ya kusoma kisa cha Mochet, naona baiskeli ya kujilaza, iliyoundwa na kuchomelewa kwetu, iendayo kwa jasho la binaadamu, na yenye waendeshaji waliokwisha fanya mazoezi ya miaka 20.

Na hapa ndipo ilipo ajabu. UCI, wale wale wa 1934, tangu mwaka 2007 ndio wasimamizi wa mbio za baiskeli za watu wenye ulemavu. Baiskeli za kukanyagwa kwa mikono zilianza kushindaniwa medali katika Michezo ya Walemavu ya Athens mwaka 2004, na wengi wa wapandaji wake hulala chali kabisa, migongo karibu na lami. Kwa hiyo mlango uliofungwa kwa mwenye miguu umefunguliwa kwa asiyekuwa nayo. Na hakuna aliyesema kwamba chombo hicho si baiskeli. Illa iko wapi? Wenyewe wameonyesha kwamba mtu anaweza kulala na mbio zikabaki mbio, almuradi wanaoshindana ni wa namna moja.

Najua ya kunijibu. Atasema mtu: barabara ya Webuye hadi Malaba ni njia ya malori ya Uganda na Kongo, na matrela ya miwa, na mabasi ya usiku, utamlaza mtoto wa watu pale chini, dereva amuonee wapi? Hilo ni neno zito, silipuuzi. Baiskeli ya kujilaza haionekani juu ya kichwa cha gari dogo, sembuse lori, na bendera ya mti mrefu nyuma yake haitoshi penye dereva asiyelala siku mbili. Mbio kama hizo hazina budi kufanywa barabara ikiwa imefungwa, au zipite njia za ndani za mashamba. Atasema mwingine: huko ni vilima, na aliyejilaza hawezi kusimama juu ya pedeli. Kweli. Kutoka Webuye kwenda Kitale atapitwa na watoto wa shule. Mimi sidai kwamba umbo la Mochet ndilo bora kila mahali. Kwa mkulima wa Kamukuywa mwenye gunia, Black Mamba ni bora, na amechagua kwa akili. Ninalolidai ni kwamba achague mwenyewe, na fundi wake aruhusiwe kujaribu. Huko Goma, watu wa Kongo wanabeba shehena za ajabu juu ya chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli wala kiti, na mji umeisimamishia sanamu. Hawakungoja mtu wa Ulaya awaambie kama ni baiskeli.

Katika hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, imepokewa kwamba alishindanisha farasi wa namna mbili. Wale waliofanyizwa mazoezi wakakonda aliwapa masafa marefu, na wale wasiofanyizwa mazoezi akawapa masafa mafupi hadi msikiti wa Bani Zuraiq. Wote walikimbia. Kila kundi lilipata mwanzo wake na mwisho wake.

Serikali za wilaya zile, ambazo sasa ni kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, zinaweza kulifanya hili bila ya kumwomba mtu idhini, maana safari ya masafa marefu si mbio za UCI. Ukichukua kipimo cha Paris hadi Brest, kilomita 1,200 kwa saa 90, ni mwendo wa kilomita 13 na kitu kwa saa. Kitale hadi Bungoma na kurudi, kwa njia ya Webuye, ni kama kilomita 160. Kwa kipimo hicho ni saa 12. Na kule, karibu na mstari wa ikweta, saa 12 ndio mchana wenyewe. Mwenye Black Mamba tupu anaziweza, na mwenye baiskeli ya mashindano ataziona chache. Mwenye kile kitanda cha fundi wa Kanduyi atateremka kama mshale asubuhi na kulia kilio cha mbwa jioni akirudi juu. Wale wa magurudumu matatu ya mikono wasipelekwe Kitale. Wapewe njia ya Bungoma hadi Malaba, wanayoijua kuliko mwandalizi yeyote, wakiwa na saa zao na zawadi yao iliyo sawa na ya wenzao. Atokaye Kitale jua likichomoza, na akawa amerudi kabla halijatua, jina lake liandikwe, na pembeni yake liandikwe jina la aliyemuundia chombo.